Ukuta Uliopakwa Harusi

Kabla hajajua kusoma, Lubna binti Idarus alikuwa amekwisha kujua kuuliza maswali mawili. La kwanza: hiki ni cha lini? La pili: mbona kizuri? Aliyauliza juu ya mlango, juu ya kikombe, juu ya pete ya jirani, na babake, aliyekuwa na duka la nguo kwenye Usita wa Mui, ile njia kuu ya maduka mjini Amu, alizoea kumjibu la kwanza kwa kubahatisha na la pili kwa kucheka.

Mamake, Bi Khairiya, ni mtu wa Pate. Kila skuli zikifungwa walipanda mashua mpaka Mtangawanda, wakashuka na mabegi yao, wakafuata njia ya mjini. Nyuma ya nyumba ya bibi yake mashamba ya tumbaku yamelimwa katikati ya kuta za mji wa kale, na jembe likipita hapo halirudi bila kigae. Wenyewe walivitupa kando vigae hivyo kama unavyotupa mawe ya mchele. Lubna alivijaza kwenye mtandio. Akirudi alivipanga barazani mara mbili: kwanza kwa uzuri, vyenye maua ya samawati mbele na vya udongo mtupu nyuma; kisha akavivuruga vyote akavipanga upya kwa kina, vya juu ya ardhi huku, vya shimoni kule.

"Ewe mtoto, kwani wapembua mtele?" bibi yake alimwuliza siku moja. "Mara hivi, mara vile. Shika moya!"

"Siwezi, Bibi. Nikishika moja, vigae vyanikasirikia."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Lakini neno lile la kushika moja ndilo lililomfuata Lubna mpaka chuo kikuu, Nairobi, akiwa mtu mzima wa kujitandia mwenyewe.

Huko alijiandikisha kwa masomo mawili pamoja, akiolojia na historia ya sanaa. Idara zenyewe zilikaa jengo moja. Ya akiolojia ilikuwa chini, ina masanduku ya mawe mpaka kwenye korido na watu wake wana matope viatuni. Ya sanaa ilikuwa juu, ina zulia na mapazia, na watu wake hukaa gizani wakitazama picha ukutani na kusema kwa sauti za chini, kama wako msikitini. Katikati palikuwa na ngazi, na mtu aliyeipanda na kuishuka kila siku alikuwa Lubna peke yake. Wa chini walimwita Bi Maua. Wa juu, kwa ajili ya nyayo alizoacha kwenye zulia lao, walimwita Bi Vumbi.

"Lubna, si uchague tu moja ulale," Taufiq, kijana wa Kizingitini waliyesoma naye, alimwambia. "Ukitoka hapa watakuuliza wewe ni nani, utasema nini?"

"Nitasema mimi ni ngazi."

Wakuu wa pande hizo mbili walikuwa Daktari Shifaa na Daktari Fadhil. Daktari Shifaa wa akiolojia alikuwa mama mfupi wa Mombasa, mwepesi wa miguu na wa ulimi, ambaye kwake kitu hakikuwa na maana mpaka ujue kilikuwa juu ya nini na chini ya nini. "Ua ni ua," alikuwa akisema. "Kazi ya maua nimewaachia wenye bustani." Daktari Fadhil wa historia ya sanaa alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miwani aliyoitafuta kila wakati na huku ameivaa. "Shifaa akipelekwa kwa Bi harusi," alijibu, "hatatazama uso. Atauliza amezaliwa lini." Walikuwa wakitumia birika moja la chai, na habari za birika hilo, nani amelimaliza na nani amelirudisha bila kulisuuza, zilijulikana jengo zima.

Mwaka wa mwisho ulipokaribia, kila mwanafunzi alitakiwa achague utafiti mmoja chini ya idara moja. Lubna aliomba utafiti mmoja chini ya zote mbili. Alitaka kuchunguza ukuta.

Ukuta wenyewe ulikuwa katika nyumba ya shangazi yake, Bi Swafiya, mtaa wa Mkomani. Ni nyumba ya mawe ya ukoo, na katika chumba cha ndani kabisa huko juu, kile cha wanawake, ukuta mzima umejaa zidaka, vile vishubaka vya lipu vilivyopangwa safu juu ya safu kuwekea vyombo na vitabu. Zamani lipu hiyo ilichongwa nakshi. Lakini nyumba ile ina ada yake: kila binti wa ukoo akiolewa hutolewa humo, na ndani hupakwa chokaa mpya. Harusi juu ya harusi, chokaa juu ya chokaa, mpaka nakshi ikazama, ikabaki mabonde na vilima kama kitanda ambacho mtu amelala chini ya mashuka.

Lubna alipokuwa likizoni mwaka uliotangulia alikwenda kuomba.

"Shangazi, nipe ukuta kidogo. Kiasi cha sahani tu."

"Sahani ya chai au sinia ya pilau?"

"Ya chai."

"Na wataka kuufanya nini?"

"Nataka kuuvua nguo zake moja moja."

"Astaghfirullah," Bi Swafiya alisema, lakini aliruhusu, kwa sababu kidaka alichoonyeshwa kilikuwa pembeni, nyuma ya kitanda.

Basi Lubna alikaa hapo kwa kisu chembamba na brashi ya meno, akakwangua tabaka baada ya tabaka, kila moja akiacha ukingo wake mwembamba usiokwanguliwa, mpaka kidaka kikawa kama ngazi ndogo ya kushukia ndani ya ukuta. Kidato cha juu kilikuwa chokaa ya juzi. Viwili vilivyofuata vilikuwa na weupe wenye dalili ya samawati. Chini yavyo palikuwa na waridi hafifu. Na huko chini kabisa, safi kama iliyochongwa jana, palikuwa na mmea: shina linalojiviringa na majani yaliyokatwa kwa kisu cha fundi, makali, yenye kivuli.

Lakini kilichomfanya aache kisu kilikuwa katikati. Kwenye tabaka moja la kati palikuwa na vidutu, vishimo vidogo vya duara, vimebonyezwa chokaa ikiwa mbichi, vimepangwa kwa mwendo wa kupinda. Alipovipima na mmea wa chini aliona vinafuata shina. Zamani hizo mmea ulikuwa umeanza kuzama, na mtu fulani aliufuata kwa ncha ya kidole, akauamsha tena.

Huo ndio utafiti alioutaka. Bila matabaka ungeona vidutu na mmea ukadhani ni fundi mmoja aliyechoka. Bila kujua nakshi ungeona mabonyezo ukadhani ni ukuta umegongwa na kitanda. Alipiga picha nyingi, na zote zikatoka weupe juu ya weupe, kama picha za karatasi tupu. Daktari Shifaa alizitazama akasema matabaka ameyapenda, ila habari za mmea ni za ghorofani. Daktari Fadhil alizitazama akasema mmea ameupenda, ila habari za matabaka ni za chini. Mwisho waliafikiana jambo moja: walikuwa na mkutano Mombasa, wangevuka pamoja mpaka Amu, wauone ukuta kwa macho yao. Wote wawili wakikubali, Lubna angeendelea na masomo yote mawili. Mmoja akikataa, angeacha moja.

Lubna alijaribu kuwaza ataacha lipi, kwa hadhari tu, mtu asikutwe hana jibu. Ilikuwa kama kuambiwa uchague jicho la kubaki nalo.

Sasa njoo kwenye habari ya mwezi.

Afra, binti wa Bi Swafiya, alikuwa aolewe. Bi Swafiya ni mtu wa zamani. Hakusema harusi itakuwa Jumatano au Alhamisi, alisema itakuwa mwezi kumi na tatu wa Mlisho, ndio Shaabani. Lubna, akiwa Nairobi, alifungua kalenda ya kiislamu kwenye simu yake, akaona kumi na tatu Mlisho inaangukia Jumatano. Vizuri mno, akasema. Wahadhiri waje Alhamisi, harusi imepita, nyumba imetulia. Wakakata tikiti za ndege, Alhamisi kuja na Ijumaa asubuhi kurudi, tikiti zisizobadilishwa.

Lakini Amu mwezi hauandami kwa simu. Jioni ile ya kutazamia watu walipanda madarini, mawingu yakakataa, Rajabu ikatimiza thelathini, na Mlisho wa Amu ukaanza siku moja nyuma ya ule wa simu. Hakuna aliyemwambia Lubna, maana hakuna aliyedhani mtu wa Amu anaweza kutojua leo ni mwezi ngapi. Kila alipopiga simu, shangazi yake alimwambia, "Kumi na tatu, mwanangu, kama tulivyosema," na yeye akajibu, "Inshallah," na wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Alifika nyumbani Jumanne, akamkuta Afra amekaa ana mikono mitupu.

"Hina bado?"

"Mpakaji hina aya kesho."

"Kesho? Na harusi je?"

"Kesho kutwa. Kwani una nini? Yeo mwezi kumi na moya."

Lubna alikaa juu ya gunia la mchele. "Afra, niue."

"Nikuue kabla ya harusi yangu? Nani atanishikia marashi?"

Usiku wa harusi ukipita mambo yangekuwa mabaya zaidi, si nafuu. Chumba kile cha ndani ndicho ambamo maharusi wangekaa fungate, siku zao saba, na hapana mwanamume mgeni angekanyaga humo, awe daktari wa sanaa au wa meno. Mchana wa harusi wangekuwamo wanawake peke yao. Daktari Shifaa angeingia. Daktari Fadhil angebaki nje na kahawa yake, asione ukuta, na mtu asiyeona hawezi kukubali.

"Shangazi, kidaka changu bado hamjakipaka?"

"Ukuta wote umepakwa chokaa ya Afra, chako nimekiacha kama nilivyokuahidi. Lakini nimetundika leso. Sitaki watu waye harusini waone ukuta wangu una upele."

Alhamisi adhuhuri ndege ikatua Manda. Wakavuka kwa mashua, na Lubna alikwenda kuwapokea gatini, akawaeleza jambo lilivyo kabla hawajakanyaga vizuri nchi kavu. Daktari Shifaa alicheka kwa nguvu. Daktari Fadhil alitafuta miwani, akaipata usoni, akasema kwa upole, "Kwa hiyo nimesafiri kote huku kuja kutazama mlango."

"Na kula pilau, Daktari."

"Hilo sikulikataa."

Alasiri nyumba ilikuwa imejaa. Ngoma ya vugo ilikuwa imekwisha kupita mtaani, pembe za ng'ombe zikigongwa, vigelegele vikipanda mpaka juu ya mapaa. Mlangoni alikaa Bi Khairiya, mamake Lubna, na kikapu kikubwa mbele yake. Ndani ya harusi ya wanawake vichwa viko wazi, na simu haiingii.

"Simu kikapuni, Bi Daktari."

Daktari Shifaa akatoa simu.

"Na ile ya pili."

Akatoa ya pili.

"Na kamera hiyo shingoni, mwanangu, kwani ni kidani?"

Alipita mikono mitupu. Nyuma yake, kwenye vikalio vya mawe vya daka, pale wanaume wanapokaa mbele ya mlango, Bwana Idarus, babake Lubna, alikuwa akimkaribisha Daktari Fadhil.

"Karibu, Daktari. Wewe ni daktari wa nini?"

"Wa picha, Bwana Idarus. Picha na nakshi."

"Za eksirei!" mzee mmoja alifurahi, akakunja kanzu. "Basi nitazamie goti hili."

Ndani, Afra alikuwa ametolewa atazamwe, amekaa juu ya kitanda kirefu cha ukoo, amejaa hina na dhahabu na haya ya kuigiza, asumini zimemwagwa mpaka sakafuni. Wanawake walikuwa wamebanana kwenye mikeka, marashi yakinyunyizwa, udi ukipanda. Lubna alimshika Daktari Shifaa mkono, akampitisha nyuma ya kitanda, akainua leso.

Daktari Shifaa aliinama. Alihesabu kingo kwa ncha ya ukucha, toka juu mpaka chini, kisha toka chini mpaka juu.

"Nieleze," alisema.

"Hapana, Daktari."

"Hapana?"

"Nikieleza mimi, Daktari Fadhil atasema ni mwanafunzi anatetea mtoto wake. Yuko pale daka. Picha haitoki humu. Mweleze wewe."

"Mimi? Nimweleze Fadhil maua?"

"Ndiyo, Daktari."

Mwalimu alimtazama mwanafunzi wake, akainama tena mbele ya maua. Kisha akashuka.

Kati ya daka na nyumba kuna pazia. Daktari Shifaa alisimama upande wa ndani, Daktari Fadhil upande wa nje, na Lubna akasimama nyuma ya mwalimu wake.

"Fadhil! Wanisikia?"

"Nakusikia. Kuna nini?"

"Kuna matabaka. Mazuri mno. Yamekaa kama ngazi, hakuna lililovurugika. Na chini kuna ua."

"Ua gani?"

"Ua! La maua!"

"Shifaa, nikikwambia nimeona kigae, utaridhika?"

Daktari Shifaa aliinua pindo la gauni. "Ngoja," alisema, akapanda tena. Aliporudi alikuwa na pumzi fupi. "Shina lajiviringa kwenda kulia. Majani ni mawili mawili, yameelekea juu, ncha zake zimekatwa kwa mshazari. Kila mkunjo una jani moja dogo lililojificha, huwezi kuliona mpaka uiname."

"Mshazari wa kisu au wa mviringo?"

"Wa kisu. Una kivuli. Fadhil, kile kivuli ni kitu cha ajabu."

Nje, Daktari Fadhil alikuwa amemwomba Bwana Idarus kifuniko cha boksi la halua na kalamu ya dukani. Alikuwa akichora upande mweupe wa kifuniko, na wazee wenye vikombe vya kahawa walikuwa wamemwinamia, goti limesahauliwa. Akakipitisha chini ya pazia.

"Hivi?"

"Si hivi. Jani lako limekaa juu ya shina. La ukutani limepita chini yake."

"Chini? Una hakika? Basi aliyechonga alianza na majani." Kalamu ikakwaruza. "Na vile vidutu vya Lubna? Viko tabaka la ngapi? Juu ya waridi au chini yake?"

Lubna alijiziba mdomo kwa mtandio. Daktari Fadhil alikuwa ameuliza kilicho juu na kilicho chini.

"Chini ya waridi," Daktari Shifaa alijibu. "Ila ngoja nikatazame tena, maana sikutazama kama vinafuata mapindo ya yale majani au shina tu."

Naye alikuwa amekwenda kutazama maua.

Lakini safari hii hakuwa peke yake. Mgeni anayepanda na kushuka katikati ya harusi, akiinama nyuma ya kitanda cha Bi harusi, hawezi kuachwa. Wanawake walikuwa wamefuata.

"Kuna nini hapo nyuma?"

"Pana shimo?"

"Bi Swafiya, nyumba yaanguka?"

Bi Swafiya alikuja mbio, mkono kifuani, akataka kurudisha leso, amechelewa. Bi Ruba, binti wa ukoo na jirani wa miaka yote, alikuwa amekwisha kuinama.

"Haya! Hii ya samawati ni ya harusi yangu! Nilitolewa humu humu. Marehemu mama alitia buluu ya nguo kwenye chokaa ili iwe nyeupe kuwashinda wa mtaa wa Langoni."

"Yako wapi?" Bi Amal, binamu yake, alimsukuma. "Buluu ni ya kwangu. Nakumbuka ilinichafua kanga."

"Ya kwako ni hiyo ya chini."

"Ya chini ni ya kwako!"

"Bi Daktari, wewe wasoma mambo haya, amua."

Daktari Shifaa alionyesha kwa kidole. "Samawati ziko mbili. Hii, na hii. Iliyo chini zaidi ndiyo ya mwanamke aliyeolewa zamani zaidi."

Bi Ruba na Bi Amal walitazamana. Kisha, kwa pamoja, kila mmoja alirudi nyuma hatua moja.

"Basi nikitazama sana," alisema Bi Ruba, "yangu huenda ni hii ya juu karibu na Afra."

"Na yangu iko juu ya yako," alisema Bi Amal.

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko, na Afra, aliyepaswa kukaa ameinamisha macho, alicheka mpaka kipini kikamtoka puani, ikabidi kitafutwe ndani ya asumini. Kila mtu alitaka tabaka lake. Mmoja alilijua kwa waridi, mwingine kwa mchanga uliobaki ndani ya chokaa mwaka ule wa fundi mvivu.

Bi Swafiya peke yake hakucheka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kidaka, karibu, kwa macho ya mtu anayesoma bila miwani.

"Lubna, hivi ni nini?"

"Ni vidole, Shangazi. Mtu alifuata mmea kwa kidole, chokaa ikiwa mbichi. Simjui ni nani."

"Tabaka hili liko chini ya langu?"

"Lako ni lipi?"

"La waridi. Mama alipenda waridi."

"Basi liko chini ya lako. Moja tu, halafu lako."

Bi Swafiya alisogeza uso karibu zaidi. Aliponena, sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama yangu alinambia, siku walipompakia chokaa ya harusi yake, alitia mkono ukutani akapigwa. Bibi alimwambia, ukuta wa Bi harusi hauchezewi. Nikamwuliza, ulikuwa wacheza nini, Mama? Akasema, hapakuwa na mchezo. Palikuwa na kitu kizuri kikifa, nikakishika mkono." Aligusa kidutu kimoja kwa ncha ya kidole chake. Kilitoshea. "Nilidhani ni maneno tu ya wazee."

Daktari Shifaa alikuwa amesimama nyuma yake, na sasa hakusubiri kushuka. Alikimbia ngazi, akavuta pazia mpaka karibu litoke, kichwa kimefunikwa ovyo kwa mtandio wa mtu mwingine.

"Fadhil! Vinafuata shina na majani, vyote! Na tumempata. Ni mama wa mwenye nyumba, siku ya harusi yake mwenyewe!"

"Msanii," alisema Daktari Fadhil polepole, kama mtu anayeonja halua, "ana jina, na ana tabaka."

"Mimi nampa mwaka."

"Na mimi nampa kazi yake." Alikuwa amechora yote kwenye kile kifuniko: mmea chini, matabaka yakipanda kwa ukingo, vidutu katikati. Akakiinua. "Tazama, Shifaa. Nikikata karatasi hii katikati, mimi na wewe kila mmoja ataondoka na nusu ya kitu."

"Basi usiikate."

"Lubna yuko hapo?"

"Niko, Daktari," Lubna alijibu, na sauti ilitoka kama ya mtoto.

"Endelea na yote mawili. Ila nyayo zako, tafadhali, ufute kabla hujapanda kwangu."

Kilichofuata hapo Lubna hakukikumbuka kwa mpangilio, yeye msomi wa mpangilio. Alikumbuka mamake akiacha kikapu cha simu na kumkumbatia. Alikumbuka kigelegele cha Bi Ruba, ambacho hakikuwa cha Bi harusi. Alikumbuka Taufiq akipigiwa simu baadaye na kusema, "Wewe kweli ni ngazi, bana." Na alikumbuka kesho yake gatini, Daktari Shifaa akimshikia Daktari Fadhil kifuniko cha halua kisipeperuke, na wakibishana nani atakitundika ofisini mwake.

Fungate ikaisha. Maharusi wakahamia kwao Shela, nyumba ikarudi kwa wenyewe. Lubna alikuja na ndoo ndogo ya chokaa kurekebisha kingo za kidaka, zisiendelee kumomonyoka, maana Bi Swafiya alikuwa ameamua leso isirudi tena.

"Umeacha nafasi hapa juu ya tabaka la Afra," shangazi alisema, akiwa amekaa mkekani. "Ya nini?"

"Ya atakayefuata."

"Na atakayefuata ni nani?"

"Shangazi, mimi nasoma."

"Soma, mwanangu, soma yote mawili. Nimekuuliza tu."

Lubna akacheka, akainuka kwenda kuongeza maji. Aliporudi alisimama mlangoni bila kuingia. Bi Swafiya alikuwa amesogea karibu na kidaka. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kama mtoto aliyewahi kuambiwa habari za bibi mkali. Kisha akanyosha kidole, akabonyeza chokaa mbichi, kidutu kimoja, halafu kingine pembeni yake, akifuata pindo la shina ambalo sasa alilijua kwa moyo.

Lubna hakuuliza ni cha lini, wala mbona kizuri.